Kilio Kimehamia Ngagara

Shangazi,

Mawingu yameanza kukaa upande wa Kongo. Unayajua, yale ya mwanzo, yanayolala juu ya milima ya Uvira kama mgeni asiyejua aingie au arudi. Tangu asubuhi nimetoka nje kuyaangalia, nimerudi ndani, nimetoka tena, hadi Mama akaniambia, "Ornella, kaa chini, unanipa kizunguzungu." Nimekaa. Nimesimama. Sasa nakuandikia kwenye meza yako, nusu nimekaa nusu nimesimama, na Bibi bado yuko Gatumba, kando ya mto Rusizi.

Hilo ndilo jambo. Ningetaka kuanza kwa salamu, taratibu, kama barua inavyotakiwa, lakini siwezi. Mvua inakuja na mama yako hajahama.

Tangu tukuzike, kiangazi chote kimepita. Nyumba imebadilika kidogo tu, na hilo linaniudhi, nilidhani ingebadilika sana. Kikombe chako kiko juu ya kabati, hakiguswi. Baba akirudi kutoka gereji kule mtaa wa Asiatique hafungulii tena redio kusikiliza habari, anakaa tu na viatu vyake miguuni. Mimi nimehamia chumba chako. Mto bado una harufu ya mafuta yako ya nywele, nami nimekataa usifuliwe.

Na bado ni mimi yule yule uliyemwita Bubu. Shuleni wananiuliza kwa Kifaransa, najibu kwa kichwa. Sokoni wananiuliza kwa Kirundi, najibu kwa kidole. Kiswahili nilikuwa nakiongea na wewe na Bibi, ndiyo maana barua hii haikukubali lugha nyingine, ingawa kukiandika nilijifunza mwenyewe na utaona makosa.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Ule Mkakati wenu wa taifa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, siku za mwanzo nilitaka ufe pamoja na wewe. Nyumbani tulikuwa tunauita Stratejia, kama jina la mgeni mkorofi: Stratejia imekula wikiendi, Stratejia imemkataza Espérance kwenda harusini. Ninyi mlicheka. Mimi nilikuwa nauonea wivu. Wiki hii uko Kirundo kuwasikiliza watu wa ukame, wiki ijayo uko milimani ambako udongo umeteremka na mashamba ya watu. Unarudi na maparachichi ndani ya mfuko wa kompyuta, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, halafu unakaa hapa hapa unaandika. Nikikuletea chai unasema bila kugeuka, "Weka hapo, Bubu, nchi inazama." Nilikuwa nacheka. Sasa hivi nikikumbuka naondoka mezani.

(Nimerudi.)

Fidèle, mwenzako wa kazini, aliniambia kwamba katika mikutano wenzako wote walianza na ramani, wewe ulianza na swali. Maji yakiingia, kitu cha kwanza unachotoa nyumbani ni nini? Majibu ulinisimulia mwenyewe: godoro, maharagwe ya mbegu, diploma ya mtoto, redio, mbuzi. Baba mmoja wa Bubanza alisema mama mkwe, na mkutano ukavurugika kwa kicheko. Ulipomuuliza Bibi, alikutazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mi sitoe kitu," akasema. "Natoa maji."

Na kweli alikuwa akiyatoa. Kitanda juu ya matofali, unga juu karibu na bati, ndoo mbili, basi. Ukuta wake una mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, kila gharika imeacha wake, kama ukuta wa nyumba yenye watoto wanaopimwa urefu. Mwaka ule viboko walipofika hadi uani kwa jirani, alilala kwenye mahema na wenzake, kisha akarudi, akafagia matope, akarudisha sufuria jikoni. Kwake habari iliishia hapo.

Katika Mkakati, sura ya bonde la Rusizi na ukingo wa ziwa uliiandika wewe. Familia zilizo karibu na mto zihame kabla ya mvua, kwa hiari, zikisaidiwa, zisingoje kusukumwa na maji. Ulijua nyumba ya mama yako imo. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara ya Gatumba, unakung'uta matope kwenye viatu, ukasema, "Mama yangu ndiye wa kwanza. Asipotoka yeye, nitamwambia nani atoke?" Ulipanga kuongea naye kiangazi kikianza. Kiangazi kilianza, na presha ikakuangusha.

Sasa sikiliza kilichotufunga. Kwa kuwa hukuolewa, kilio chako kilikaa kwa mama yako. Mikeka ilitandikwa uani kwake, redio ikatangaza, watu wakaja Gatumba. Siku za mwanzo tulizimaliza. Lakini mwisho wenyewe, siku ile ya hotuba na kunyanyua mikeka, siku ya kumaliza kilio, familia iliiweka mwakani. Na hapo ndipo Bibi alipofunga mlango. Anasema kilio kikiwa bado wazi, mwenye kilio hatoki. Mtu akija kutoa pole akute mkeka pale pale alipoambiwa. Hasa anamngoja Mama Zawadi wa Uvira, yule aliyekuwa akiuza naye ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyekubeba mgongoni mlipokimbilia ng'ambo ile ukiwa mdogo. Ulipokufa alikuwa mgonjwa. Aliagiza atakuja, na simu yake haipatikani. "Akuye akute matope na mulango imefungwa? Atasema Mama Espérance hakuzika mutoto, alitupa."

Baba alienda kumbembeleza, akarudi na ndagala. Mama akaenda, akarudi na ndagala nyingi zaidi.

Fidèle amekuja pia, kuchukua kompyuta ya kazi. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Sura yako amepewa yeye, na itasomwa mbele ya watu wa Gatumba wenyewe kabla ya kupitishwa. "Wakiniuliza, mama wa huyu aliyeandika yuko wapi, nitajibu nini?" Baba aliangalia viatu vyake. "Yuko kwake," akasema.

Leo asubuhi na mapema, kwenye kazi za pamoja za maendeleo, tumezibua mtaro wa mtaa wetu. Mimi nilikuwa na koleo. Mzee wa nyumba ya pili alinyoosha mgongo, akatazama Uvira, akasema, "Mwaka huu itakuya mapema." Sisi Ngagara mtaro ukijaa tunalalamika, tunapandisha suruali. Bibi ana Rusizi.

Kesho familia tunaenda Gatumba. Babu Sylvestre, shemeji yake, ndiye atakayesema, kwa kuwa ndiye anayesema kwenye harusi na misiba yetu yote. Mimi nina wazo, Shangazi. Limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ni wazo la kitoto, watu wazima wakilisikia watacheka, na mimi nikichekwa unajua ninavyokuwa. Lakini nikinyamaza na mto ukaja

Mama ananiita. Naacha.

*

Naendelea. Barua imekaa chini ya mto wako wa kulalia siku nyingi, nisamehe, kila nilipoishika nilijikuta niko uani.

Siku ile Babu Sylvestre alianza mbali sana. Alianza na babu zetu, akapita kwenye ndoa ya Bibi, akasifu kisomo chako, na Bibi muda wote anapukuchua maharagwe kwenye ungo. Hatimaye akafika. "Shemeji, mutoto wako mwenyewe aliandika kwamba watu wa huku watoke."

"Aliandika, sawa," Bibi akasema. "Mi sijui kusoma."

Hata Baba alicheka. Kisha nikaona kicheko kile kinageuka kuwa ndagala za kupewa turudi nazo nyumbani. Nikasema. Kwa sauti ya mbu, lakini nikasema.

"Bibi, na kama tukihamisha kilio chenyewe?"

"Ati nini?" Babu Sylvestre akauliza.

Bibi hakuinua kichwa. "Umeisha ona wapi kilio inapanda bisi?"

Walicheka, Shangazi, kama nilivyojua. Uso wangu uliwaka moto. Siku nyingine ningetoka kwenda kuhesabu bata wa jirani, lakini nilikuwa nimekalia miguu yangu na ilikuwa imekufa ganzi, sikuweza kusimama. Nikaendelea, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Nikasema redio ilitangaza umekufa, watu wakaja hapa. Redio ikitangaza kilio kiko Ngagara, watakuja Ngagara. Mikeka ni ile ile. Mama wa marehemu ni yule yule. Na Ngagara ndiko ulikolala na kuamkia, vitu vyako viko kule, kilio chako hakitakuwa ugenini.

Ungo ukatulia.

"Na Uvira wanasikia hiyo redio?"

"Wanasikia, Bibi. Tutatangaza na kwa Kiswahili."

Akanitazama, kisha akamtazama Baba, kana kwamba ndiye aliyekuwa akificha kitu. "Kumbe huyu anaongea." Akarudi kwenye maharagwe. "Lakini mikeka ni yangu. Sikae juu ya mikeka ya kuazima."

Hivyo ndivyo alivyokubali. Baba alipotoka nje alisimama akaegemea ukuta, mkono juu ya ile mistari ya maji, akafuta uso.

Redioni nilienda na Baba. Bwana wa matangazo aliisoma karatasi yetu, akachukua kalamu. "Hapa mmekosea. Mlitaka kuandika, kilio kimemalizika." Baba alikuwa anataka kuitikia kwa kichwa, nilimwona, uchovu tu ule, angekubali lolote.

"Apana," nikasema. "Kimehamia."

"Mademoiselle, kilio hakihami."

"Hiki kimehama."

Aliandika huku anatikisa kichwa. Nilitoka pale nimefurahi, na nilijisikia vibaya kwamba nimefurahi katika kilio chako.

Kosa letu sasa. Hatukufikiri kwamba hakuna mtu anayesikiliza tangazo kama lile hadi mwisho. Watu wanasikia ule muziki wa huzuni, wanasikia "familia ya Mama Espérance wa Gatumba", wanasikia "kilio", wanasikia "Ngagara", mikono iko kichwani tayari. Nani amewahi kusikia kilio kilichobadilisha anwani? Wote walijua jambo moja: Mama Espérance naye amemfuata binti yake.

Bibi alikuwa ameshuka kwenye gari na godoro lake na mikeka yake asubuhi ile ile. Alikuwa kwenye mlango wa jikoni anachagua mchele. Tukasikia mayowe kutoka barabarani. Wamama wa kwaya wa Gatumba, vitenge vimefungwa kiunoni, wanaingia getini, "Mama Espérance weee! Umetuachia nani weee!" Wa kwanza alimwona Bibi, akaruka nyuma, akapiga yowe jingine kubwa kuliko la kwanza. Wa nyuma wakadhani ameuona mwili, wakalia zaidi. Baba alitoka chooni na kandambili moja. Bibi amekaa na mchele wake, anauliza, "Nani amekufa? Nani tena?"

Nilitamani kuingia ndani ya gunia la mkaa. Kisha, kumbe, mmoja akaanza kucheka, kisha wote, wanacheka na machozi bado yanashuka. "Radio imekuua, mama!" Wanamgusa mikono, mabega. "Uko moto, uko moto!" Na Fidèle akaingia na tai nyeusi. Ningependa ungeona uso wake. Alikuwa amekuja na bahasha na maneno aliyoyakariri, na huyo "marehemu" mwenyewe ndiye aliyempa kiti.

Mama Zawadi alifika kesho yake. Amekonda, kijana mmoja amemshika mkono, alikuwa amelia kuanzia mpakani. Alisimama getini. "We! Uko muzima?"

"Mi niko muzima. Machozi yako usipoteze juu yangu," Bibi akamwambia, na sauti ikamkatika katikati. "Kuya umulilie Espérance. Aliyekufa ni yeye. Ni ule mutoto ulibeba."

Wakakaa kwenye mkeka. Wakalia, Shangazi. Hakuna aliyecheka tena. Siku ya mazishi yako sikulia, nilisimama kama mti, na watu walisema mtoto huyu ana nguvu. Sikuwa na nguvu, nilikuwa sijafika. Siku ile nilifika. Nilikaa nyuma yao nikalia hadi nikapata kwikwi, na Mama Zawadi, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma akanivuta nikae katikati.

Walipoondoka wote Bibi alikunja kitenge chake magotini, akasema polepole, "Kumbe wanajua njia."

Nilidhani tumemaliza.

Fidèle alirudi baadaye bila tai. Aliniuliza mimi, mimi Shangazi, nimweleze tulivyofanya hatua kwa hatua. Anataka kuongeza maneno kwenye sura yako: familia iulizwe kwanza kama ina kilio, na isaidiwe kutangaza inakohamia, na watangaze kwamba hakuna aliyekufa upya. Tulicheka hapo. Kisha akauliza, "Naweza kuandika kwamba mbinu imefaulu?" Niligeuka nikatazama barabarani. Alidhani ni aibu yangu.

Haikuwa aibu. Godoro la Bibi liko Ngagara, mikeka iko Ngagara, kilio kiko Ngagara, yeye mwenyewe yuko barabarani. Kila asubuhi anapanda basi kurudi Gatumba. Anasema anaenda kuifungulia nyumba madirisha, ikifungwa inanuka. "Nyumba pia imefiwa," anamwambia Baba. Mwanzoni alikuwa anarudi kabla ya chakula cha mchana. Sasa anarudi jioni. Juzi kitenge chake kilikuwa kimelowa hadi magotini. Alisema alikuwa anaosha samaki. Hakuwa na samaki.

Mnajuaje kwamba mtu amehama, nyie wa Mkakati? Kwenye sura yako imeandikwa "kaya zilizohamishwa". Nimesoma mara nyingi, nimekutafuta humo ndani, sauti yako, sikukupata ila mahali pamoja ulipoandika kwamba msaada usiishie siku ya kuhama. Hapo nilikusikia. Nadhani ulijua. Nadhani ulikuwa unamwandika yeye.

Siku wanayosoma sura yako Gatumba, Fidèle ameomba mmoja wa familia aseme. Babu Sylvestre alikuwa tayari ameanza kukohoa kidogo, kutengeneza koo. Bibi akanionyesha kidole. Nimekubali. Usiku silali vizuri, mchana nakosa hamu ya kula, nimeandika maneno kwa Kirundi, nikayafuta, nikayaandika kwa Kiswahili. Sitasema kwamba tumefaulu. Nitasema amehama na hajahama, na kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji mwenzake wa kwenda na kurudi naye, na nani atakuwa naye pale ambapo familia haina mjukuu? Nitatetemeka. Nitasema hivyo hivyo huku natetemeka.

Sasa ni saa tisa. Matone yameanza kwenye bati, makubwa, machache machache, yale yanayopima. Bibi hajarudi. Mama anasema ningoje, atakuja na basi linalofuata. Anasema hivyo huku amesimama mlangoni anaangalia barabara.

Mimi singoji. Nakwenda kumchukua.

Tuagane hapa, Shangazi yangu. Pumzika, na usitusumbukie, ingawa najua utasumbuka. Nakuahidi hivi: kila atakapokwenda nitamfuata, na kila nitakapomfuata nitarudi naye. Akisema ana kazi ndogo ya kumaliza, nitakaa naye aimalize. Akisema, "Tangulia, mi nakuya," sitatangulia.

Navaa viatu.

Ornella